Sisimizi Nyuma ya Masikio

Mbwana mwanangu,

Wali uko chunguni. ~~Redio nimeificha uvunguni, dadako asiione.~~ Redio iache mezani.

Nimempeleka dadako Mwanarusi huko Utange, kwa yule daktari anayejaribu kuwatibu kwa umeme mdogo wa kichwani wanawake wanaovuta unga. Asubuhi daktari alikuja hapa nyumbani na kisanduku chake, dadako akalia: "Mama, watanichoma ubongo!" Nikasema nibandikwe nyaya zake mimi kwanza. Wallahi, ni kama sisimizi wanatembea nyuma ya masikio! Nikaruka, naye dadako akacheka, kisha akachukua buibui lake mwenyewe akasema twende.

Kama kitamponya sijui, hata daktari hajui. Nami nataka kuona.

Jioni uje huko Utange. Jana ulimwita mwizi mbele ya majirani. Leo mwite dada.

Mamako