Nyama Imeota Tena Kooni, Nami Nimemdanganya Mume Wangu

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijaizoea aibu hii. Mimi ni karani wa mahakama, kazi yangu ni kuita kesi kwa sauti, na mwaka juzi nilitolewa mafindofindo kwa upasuaji wa roboti kwa sababu upande mmoja ulikuwa umevimba, majibu yakaja kwamba si saratani, lakini wiki tatu nzima sikuweza kutoa sauti, mume wangu, fundi wa majokofu, akawa ananilisha uji uliopoa kijiko kwa kijiko huku akijisifu kwa majirani kwamba mkewe katibiwa na roboti, basi miezi minne iliyopita nikahisi kitu kinanikwaruza nikimeza, daktari akamulika akasema, "Nyama imeota tena," nami nikamweleza mume wangu hivyohivyo, akacheka, "Imeota ndoto gani?" nikacheka naye, ila sikumalizia, kwamba daktari alisema huenda ni masalia ya findo lakini lazima wakate kipande wakipime, na hapo ndipo hofu iliponishinda, siku ya miadi nikapiga simu hospitali kwa sauti yangu ya mahakamani nikajifanya dada wa mgonjwa, "Mgonjwa amesafiri," wakanipa tarehe nyingine nikasafiri tena, ya tatu vilevile, na mume wangu aliposikia nina miadi akaniuliza, nikamwambia nimeshapimwa, niko salama, akaketi ukingoni mwa kitanda akalia kwa furaha, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia, sasa nitamwambiaje? Na hiyo roboti, kwa nini iliacha nyama?

Karani Mwoga

Karani, pole. Hofu yako naielewa, wala sikucheki. Lakini umenikera.

Kwanza iache roboti ya watu. Haikufanya kazi peke yake. Daktari ndiye aliyeongoza ile mikono yake. Findo likibaki hata kidogo linaweza kuota tena, na mara nyingi halina ubaya. Mara nyingi, nimesema. La kwako likoje sijui mimi, hujui wewe, na hata ukilichungulia koo kwenye kioo, kioo hakijui. Mtu mzima, unasimama mbele ya mahakimu bila kutetemeka, halafu unajificha nyuma ya dada asiyekuwepo! Hospitali uliyoidanganya haitaumwa koo. Utaumwa wewe.

Kesho wakifungua tu, piga simu, taja jina lako, omba nafasi ya karibu kabisa. Na kama unaogopa sauti kukupotea tena, muulize daktari, usijijibu mwenyewe. Na ukiona damu kwenye mate au pumzi zikibana, usingoje tarehe, nenda saa hiyohiyo.

Mumeo mwambie leo, akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu: "Sikwenda kupimwa. Niliogopa." Usizungushe maneno. Atafoka, na ana haki, maana umemliza bure. Mwache afoke amalize, kisha mwombe akusindikize. Ulidhani umempunguzia mzigo, kumbe umemnyima nafasi ya kuogopa pamoja nawe. Mrudishie leo.