Jibu la Mkuu wa Chuo

Mwanangu Anselmo,

Huku Kabungu hatujambo, mahindi tumeshavuna. Ile nakala ya barua uliyoikuta kwenye makabrasha ya mkuu wa kwanza wa chuo chenu imenifika. Mungu akubariki, baba.

Miaka hamsini nilijua hawakunitaka. Babu yako ndiye aliyekuwa akituchukulia barua parokiani, akaniambia chuo hakikujibu ombi langu la kusoma. Kumbe mkuu alijibu: "Pudensiana aje Julai, kitanda chake kipo." Usimchukie babu yako, alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari yangu.

Jana nilimsomea mume wangu hiyo barua. Mzee wa watu akainuka na fimbo yake, akanipa mkono wa pongezi.

Ni mimi shangazi yako, niliyechaguliwa,

Pudensiana