Mbeleko Imo Kwenye Shuka la Maua

Alhamisi, 3 Julai

Sanduku la tatu leo. Bado kabati la vyombo, bado uvungu wa kitanda. Nilidhani watu wawili hawawezi kuwa na takataka nyingi hivi. Kumbe kila kitu kina maneno yake. Kikombe kisicho na mkono: cha binti yetu Yunis, alipoanza uji. Saa ya ukutani iliyokufa: zawadi ya harusi. Baba Yunis anasema tupa. Nikamwambia basi na ile redio yako mbovu nayo tuitupe. Akaichukua, akatoka nayo.

Mwenye nyumba anataka funguo zake. Nyumba tunayohamia Pasiansi haina dari na jikoni hakuna mlango, lakini ni yetu. Nimekaa hapa Mirongo tangu nikiwa bibi harusi. Nafurahi. Naogopa pia, sijui naogopa nini.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Nansio. Nilipomaliza shikamoo tu, akauliza: mbeleko ipo? Nikasema ipo. Ipo kweli. Nitaitoa nikilifikia sanduku la vitu vya utoto vya Yunis.

Ijumaa, 4 Julai

Niandike ili kichwa kitulie. Mbeleko ni kanga ya mama mkwe. Alimbebea Baba Yunis na wadogo zake, kisha akanifungia mimi mgongoni siku niliyotoka hospitali na Yunis. Kwake yeye, kanga iliyombeba mama ndiyo impokee mtoto wake wa kwanza. Mimi mwalimu na mtu wa kanisa, mambo hayo nilikuwa siyaweki moyoni.

Lakini mwaka jana mimba ya Yunis ilitoka. Mama mkwe akasema tulichelewa kumpa mbeleko. Akasema mbele yake, jamani! Tangu siku hiyo mwanangu anaamini alipoteza mtoto kwa sababu ya kanga. Sasa ana mimba ya miezi minane. Anakuja na bibi yake, ajifungulie kwetu, nyumba mpya. Leo kaniandikia ujumbe: Mama, usiisahau.

Sijalala vizuri.

Jumamosi, 5 Julai

Kesho sikukuu ya mavuno. Shamba sina, kwa hiyo nimefunga fungu la nguo kwa ajili ya mnada wa kanisa. Mapazia, blauzi zilizonikataa, mashuka ya zamani. Shuka la maua lililochanika ukingoni nimelitia kama lilivyokunjwa. Mgongo hauna nguvu ya kukunjua na kukunja upya. Mzigo umepungua. Afadhali.

Jumapili, 6 Julai

Mnada ulinoga. Mahindi, maboga, jogoo mmoja mkorofi aliyemtoroka mzee wa kanisa mpaka madhabahuni. Likaja fungu langu. Mzee akalinyanyua: "Fungu la Mwalimu! Halifunguliwi hili, ni la imani!"  Hakuna mkono. Nikasikia aibu.

Basi kiherehere changu. Nikanyoosha mkono, nikataja bei ya fungu langu mwenyewe. Mama Rhoda muuza dagaa akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha tena. Watu vicheko na vigelegele, kwaya ikaanzisha pambio. Mwisho nikamwachia. Akaondoka nalo kichwani anacheza, na mimi nikampigia makofi mpaka viganja vikauma.

Jumatatu, 7 Julai

Mbeleko haimo sandukuni.

Nimetoa kila kitu. Gauni la ubatizo la Yunis limo, soksi zake zimo, hata nywele zake za kwanza kwenye kile kikopo. Kanga hakuna. Baba Yunis anasema itakuwa mahali. Mahali wapi? Nyumba nzima iko kwenye mifuko.

Mama mkwe kapiga tena. Nikasema ipo.

Jumanne, 8 Julai

Nimekumbuka. Nilikuwa naosha sufuria, nikamwona mende, nikakumbuka. Niliizungushia mbeleko shuka zima, ukingo hadi ukingo, mende wasiitoboe. Shuka la maua.

Nimekaa chini sakafuni. 

Na mimi ndiye niliyepandisha bei!

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda Mwaloni, sokoni kwa dagaa, kumtafuta Mama Rhoda. Meza yake tupu. Nilisahau kabisa kuwa mwezi unang'aa, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mitumbwi haiendi ziwani, na dagaa wasipokuja naye haji. Wenzake wanasema yuko nyumbani kwake mlimani, analea mjukuu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Rhoda mwenyewe, binti yake. Tulimzika mwezi wa tano. Alikufa kwa uzazi. Mtoto alibaki. Nilikuwepo msibani, nilipika, na Jumapili nimeshindana na yule mama kwa bei mbele ya kanisa zima. Sikuwaza. Najiona mjinga, na tena mbaya.

Sikupanda mlimani. Nilirudi kufunga vyombo. Nimevunja sahani mbili.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimepanda. Njia ya mawe matupu, nimepumzika njiani mara nyingi. Nilibeba shuka jipya na sukari. Nilipanga maneno: Mama Rhoda, kulikuwa na kanga ndani, ni ya ukoo, nipe, nikupe hivi. Maneno mazuri tu. Ya kimwalimu.

Nikamkuta anachambua mchele. Mgongoni mtoto, amefungwa kanga nyekundu yenye korosho zilizofifia. Ile. Pindo nililolishona kwa uzi wa bluu linaonekana.

Akafurahi kuniona. Akasema lile fungu alilitaka kwa ajili ya nepi, kumbe Mungu kamwekea na kanga. Akasema mtoto huyu tangu azaliwe alikuwa hapati usingizi, analia mpaka anakauka, majirani wote wamembembeleza wakashindwa. Sasa akifungwa humo tu, kimya. "Mwalimu, wewe umeniponya. Hata dagaa wakirudi nitaweza kuuza."

Nikanywa uji. Nikamwachia sukari na shuka. Nikateremka.

Nimelia njia nzima ya Kirumba. Watu wananitazama, nikasema vumbi. Yunis na mama mkwe wanaingia kesho na meli ya kutoka Nansio. Nitawaambia nini? Kwamba kanga yake imembeba mtoto ambaye mama yake alikufa akijifungua? Yunis atakufa kwa hofu. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Wanaosema si mama wa Yunis.

Jumamosi, 12 Julai

Tumehama. Fuso moja ilitosha. Baba Yunis akaenda bandarini kuwapokea wageni, mimi nikawa napanga na kupangua sufuria zile zile.

Walipokula wakashiba, mama mkwe akaosha mikono na kusema, haya, lete. Nikapiga magoti. Nikasema yote. Fungu, mnada, mlima, Rhoda. Sikupunguza. Baba Yunis akatoka nje. Yunis alishika tumbo kwa mikono miwili, akaanza kulia bila sauti. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akaisukuma sahani yake kando. Nikajua leo nafukuzwa kwenye nyumba yangu mwenyewe siku ya kwanza.

Akamgeukia Yunis, si mimi. Akasema: "Mjukuu wangu, mwaka jana nilisema ovyo. Mimba hutoka. Mimi zangu zilitoka mbili, na kanga nilikuwa nayo kiunoni. Nilisema vile kwa uchungu." Baba Yunis alikuwa mlangoni. Hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake, niliona usoni.

Yunis alilia tena, kwa sauti sasa. Muda mrefu. Kisha akafuta pua na kuniuliza: "Huyo mtoto, ulipofika, alikuwa amelala?"

Nikasema amelala. Mdomo wazi.

Akaenda kulala.

Jumapili, 13 Julai

Hatukwenda kanisani. Tumechoka.

Asubuhi nilimfungulia mama mkwe sanduku langu la vitu vya thamani, achague kitambaa cha mbeleko nyingine. Nikatoa kile kitenge chenye picha za hereni za dhahabu ambacho sijakivaa hata siku moja. Akakipapasa, akakirudisha. Kigumu, kitateleza, mtoto ataanguka. Akaenda jikoni, akafungua vyombo, akarudi na kanga niliyofungia sufuria. Kuukuu, ina masizi, pembe moja imechomwa na pasi. Nilikuwa nimepanga iwe tambara la sakafu.

"Hii imelainika, itamshika," akasema.

Yunis kaifua mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, hataki kusaidiwa. Masizi yametoka, si yote. Baba Yunis akafunga waya kati ya nguzo mbili, kamba yetu ya kwanza ya kuanikia hapa, nasi tukaianika.

Kile kikombe kisicho na mkono nimekiweka dirishani. Redio mbovu nayo imehama, nimeikuta chini ya kitanda.

Yunis anatoka nje kila mara kuishika kanga. Anarudi, anasema bado mbichi. Upepo wa ziwa upo. Itakauka.