Masanja Anaitwa Nani Humo Shimoni?

Jumapili. Mvua tangu alfajiri.

Nilimpoteza mwanangu Jumatatu, siku shule ilipofunguliwa. Masanja, kidato cha tatu, alitoka hapa kijijini, nje kidogo ya Kahama, na sare yake na begi. Shuleni hakufika. Juzi nikaambiwa aliko: machimboni, upande wa Geita, anapandisha mawe kutoka ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo.

Mliozoea kusoma bei za magogo hapa kwenye ukurasa wangu, leo mnisamehe.

Nilianza na kuni za kichwani. Sasa nauza matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisibomoke. Wenye duara hilo ni wateja wangu, kwa hiyo siwezi kujidanganya. Kwa kina wanachojisifia, walipaswa kununua mara mbili ya walichochukua. Nusu ya shimo imeshikwa na udongo tu.

Na udongo unalowa.

Aliyempeleka Masanja huko ni baba yake mdogo, Shija, msimamizi wa duara. Jana nilimfuata. Alinisikiliza huku anatafuna muhindi wa kuchoma, kisha akasema shule yenyewe haina mwalimu wa hesabu tangu mwaka jana, mtoto anakwenda kufanya nini? Na ni kweli: Masanja alikuwa akitembea na njaa kwenda na kurudi, na daftari la hesabu linarudi jeupe.

"Shemeji, huyo ana ndevu," akasema. "Bado unataka kumvalisha kaptula?"

Vijana wake wakacheka.

Nikaanza kuuliza kila anayetoka shimoni: Masanja yuko wapi? Hakuna anayemjua. Kumbe jina la nyumbani huachwa nje. Wanaamini dhahabu humkimbia anayeitwa kwa jina la kwao, basi siku ya kwanza mtu hupewa jingine, na hilo tu ndilo linaloitwa humo. Kijana mmoja, mwili mzima vumbi, alinipa shikamoo kwanza, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, Masanja huku hayupo. Mwite kwa jina la humu, atapanda."

Shija anajua jina hilo. Kanikatalia kunitajia, eti nikimwita kwa hilo nitamtoa pamoja na bahati yake.

Nimewahi kuona shimo likibomoka. Waliobaki juu walilala kifudifudi, wakaita majina kwenye ufa, wakatega sikio. Walichimba pale palipoitika.

Mimi nitaita nini?

Tangu jana sijala. Kila mvua inapozidi juu ya bati, natoka nje kama mjinga, naangalia upande wa Geita, kana kwamba kutoka hapa nitaona kitu.

Shija, najua unasoma hapa kwa simu yako. Gari nimeshalipakia magogo yaliyopungua, na hayo sitakudai. Kesho saa mbili asubuhi, kabla zamu haijashuka, nitakuwa mdomoni mwa duara. Usinieleze habari za ndevu wala za mwalimu. Nijibu moja tu, mbele ya watu: mwanangu anaitwa nani humo?