Kile Kiti Nilichokisalimia

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mutomo tuko wazima, na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Unauliza mbona nilisalimia kiti kitupu kule makumbusho.

Nikiwa msichana, mwalimu alitupeleka kukiona, kiti cha mzee cha miguu mitatu, ndani ya kabati la kioo. Kwetu hupiti mbele ya kiti cha mzee bila salamu. Wenzangu walipita wakicheka. Mimi niliinama, nikamwamkia mzee mwenye kiti kwa Kikamba. Harufu ya ugoro ikanijia, na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, kama mtu anapumua.

Juzi ulipopita mbele ya kiti hicho ukicheka, ukungu ulirudi. Salamu niliyotoa juzi ilikuwa kwa niaba yako. Nilimwambia yule mzee wewe ni wangu.

Susu wako