Mkanda wa Ndani

Dodoma

Mama yangu mzazi,

Mwangaluka, mayu. Umeamkaje? Na baba, mguu umepoa, au bado anakataa fimbo? Mimi nipo, ila nimechoka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mnaweka spika, na haya si ya kusikika Mwamkulu nzima.

Mama, tangu nimzae Masanja mkojo unanitoka. Nikikohoa, nikipiga chafya, nikiinua sufuria ya ugali hapa hosteli ninapopikia, umeshatoka. Nimechoka kufua kanga kila jioni.

Daktari, mama mmoja mpole, alinipa kwanza mazoezi ya kubana misuli ya chini. Yakasaidia kidogo, yakaishia hapo. Ndipo akasema, "Basi tufikirie mkanda." Mimi nikakumbuka ulivyonifunga tumbo nilipojifungua. Sikuuliza. Nikaenda zangu, nikajikaza tumbo kwa kanga mpaka pumzi ikakwama. Mkojo ukazidi! Niliporudi kumlaumu, alicheka hadi akavua miwani.

"Mkanda wenyewe tunauweka ndani, dada, kwa upasuaji, ushikilie njia ya mkojo. Huo wako unakamua kibofu."

Akanieleza taratibu. Upo mkanda wa nyuzi za plastiki: kidonda kidogo, unapona upesi, ila wengine huja kuwakwaruza ndani baadaye, na kuutoa ni kazi. Upo unaokatwa kwenye nyama ya tumbo lako mwenyewe: kidonda kikubwa, unapona polepole, na mwanzoni mkojo unaweza kukataa kutoka. Tena wanaweza kushona tu, wakainua shingo ya kibofu kwa nyuzi; hapo napo kuna kupasuliwa tumbo. Nikamuuliza njia ipi haina lawama. Akasema haipo. Nimechagua wa nyama yangu, maana ule wa plastiki ungenitia wasiwasi kila nikiinama. Naogopa, mama, sikufichi.

Nafasi imetoka wiki ileile ya harusi ya Kabula. Nikiiacha sijui nitaipata tena lini, kwa hiyo sitakuja.

Nisalimie baba, na bibi mzaa baba, na kaka Shija na ng'ombe wake. Masanja mwambie mama yake hajamsahau, asikusumbue.

Kabula kaniandikia kwamba tangu nikae mjini naringa. Kwamba hata kwenye harusi ya Shija nilikaa pembeni, sikucheza, sikucheka. Mweleze mdogo wangu taratibu, mkiwa wawili. Siringi, mama. Nyie mnajua kuchekesha, na mimi kucheka naogopa.

Mwanao,
Milembe