Wiki ya Ukaguzi

Jumatatu, 3 Machi
Rangi, rangi, rangi! Jumatatu ijayo mkuu wa majeshi ya majini anakuja kukagua, basi manowari nzima inarembwa kama bibi harusi. Mimi nimeshinda na mzinga wetu wa kutungulia ndege, nikausugua mpaka nikauona uso wangu. Sikujipenda.

Redio inasema mazungumzo ya amani na wale jamaa wa ng'ambo yanaendelea vizuri. Mpishi kasema wakielewana, serikali itakosa sababu ya kutulisha. Tukacheka.

Shemeji kapanda sitahani kuota jua. Ni mume wa mdogo wangu, fundi wa mitambo kule chini — grisi mpaka masikioni. Anataka kuomba kazi ya karakana, nchi kavu, awe karibu na mtoto. Nikamuuliza, tangu lini baharia ananyonyesha? Kanuna.

Jumatano, 5 Machi
Zoezi la king'ora. Tulikimbia vizuri, tukafika mizingani, tukasimama kama nguzo. Ghala la risasi limefungwa, na afisa wa mizinga kaenda na funguo kwa daktari wa meno! Nahodha kafoka mpaka kofia ikamkaa upande. Kesho zoezi jingine.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna zoezi. Rangi haijakauka, hawataki ikanyagwe.

Afisa karudi, shavu limevimba. Kaamuru risasi zote za karibu na mizinga zirudishwe ghalani, zinaharibu mpangilio. Tulibeba mpaka viuno vikaomba talaka. Ila kusema kweli nilifurahi. Yale masanduku yalikuwa yananigonga ugoko kila nikigeuka.

Huko chini wameambiwa milango ya chuma, ile ya kuzuia maji, iachwe wazi ili mkubwa aone vyumba mpaka mwisho. Shemeji anasema afadhali, hewa inapita.

Jumamosi, 8 Machi
Mdogo wangu kaja kwenye geti la bandari na mtoto. Kaota meno! Kamng'ata baba yake kidole, na baba mtu anatamba nacho meli nzima.

Mdogo wangu kanivuta pembeni. "Kaka, mwache aombe hiyo karakana. Usimcheke."

Nikamwendea shemeji, nikamwambia aombe, sitamtania tena. Kasema keshaghairi. Wenzake wa chini nao wana watoto, atawaachaje? Nikampa sabuni yangu nzuri.

Jumapili, 9 Machi
Mkono wa kulia una bandeji, naandika kwa wa kushoto. Daftari lilikuwa mfukoni, limelowa mafuta. Penseli ya kuazima.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Ndege zikaja kutoka upande wa jua, chini chini. Mpishi kazipungia mkono — alidhani zetu. Kisha mlipuko, na mwingine. Tulikimbia mizingani. Risasi hakuna! Tukavunja kufuli la ghala kwa shoka. Sanduku la kwanza lilipofika juu, meli ilikuwa imeshainama. Maji yalipita chumba hadi chumba, hapakuwa na mlango wa kuyazuia. Sikufyatua hata mara moja. Sitaha ikawa ukuta, nikaangukia baharini, kwenye mafuta yanayowaka.

Mpishi hajaonekana. Afisa wa mizinga nilimwona akimvuta mtu majini. Baadaye sikumwona.

Sasa ni alasiri. Meli imepinduka, tumbo juu, na sisi tuko juu ya tumbo lake. Kuna watu hai ndani. Wanagonga. Mchomeleaji wa gatini anakata chuma pole pole. Anasema akikosea pa kutoboa, hewa itatoka na maji yatawapandia. Nimelala kifudifudi nikamwita shemeji mpaka sauti imekauka. Wanagonga tu. Huwezi kujua ni mkono wa nani.

Mwenye mashua kaja na ujumbe. "Mdogo wako yuko gatini na mtoto. Anauliza kama mumewe ni mmoja wa hao wanaogonga. Nimwambie nini?"

Nikabandika sikio kwenye chuma. Akauliza tena.

"Mwambie wanagonga," nikasema.

Kaondoka. Mchomeleaji kazima moto wake, kainua mkono tunyamaze. Kapiga nyundo, kategea sikio. Kapiga tena. Anasema upande huu hawajibu, tuhamie kule nyuma. Ameniomba nimshikie nyundo. Naweka penseli.